Anti, nimtenganishe binti yangu na dada yake melini?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa sita naishi Houston, Texas. Binti yangu ana miaka 12, Oktoba atatimiza 13. Mdogo wake wa kiume ana 6. Desemba hii shule zikifungwa tunataka kupanda meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston, usiku saba, kwenda visiwa vya Cozumel (Meksiko) na Roatán (Honduras) na kurudi. Tutakuwa na binti wa dada yangu anayeishi Columbus, Ohio. Huyo ana miaka 15. Kwa binti yangu ni dada, hajui neno jingine la kumwita.

Nakuandikia kwa sababu mimi na baba watoto hatuelewani, na mwisho wa mwezi huu ndiyo siku ya mwisho ya kubadili meli bila kupoteza amana.

Mwaka jana tulisafiri usiku nne kwa meli nyingine. Siku ya kwanza tulichelewa kula, tukachoka, tukalala. Usiku wa pili, kama saa tatu, nilimsindikiza binti yangu mpaka mlango wa klabu ya vijana. Wazazi hawaruhusiwi kuingia, nikageuza. Hazikupita dakika kumi akawa amerudi kabini. Akavua shingoni kadi yake ya meli, ile ya kufungulia kabini na kulipia, akaiweka mezani, akasema, "Hakuna aliyenifukuza, Mama. Ila hapakuwa na mahali pa kukaa." Hakurudi tena kule. Siku zilizobaki alishinda kitandani na simu isiyo na mtandao, au akimchunga mdogo wake bwawani.

Sasa tuna meli mbili mbele yetu. Ile tuliyoiwekea amana ina klabu ya miaka 12 hadi 14, na nyingine ya 15 hadi 17, kwa hiyo wanangu watatenganishwa. Nilipiga simu nikaeleza kuwa ni ndugu, wakanijibu kwa adabu kwamba kinachoangaliwa ni umri. Meli ya pili ina klabu moja tu ya miaka 13 hadi 17. Huko watakuwa pamoja, ingawa bei imezidi kidogo.

Baba watoto anasema tuchukue hiyo ya pili, dada yake awe mlinzi wake, la sivyo asiende klabu kabisa. Hataki kumwachia mtoto wa kike ukumbi wa muziki mpaka usiku wa manane halafu yeye aende kulala. Mimi nataka mwanangu apate marafiki. Shuleni anakula chakula cha mchana peke yake, mwalimu wake ndiye aliyeniambia. Moyo wangu uko kwenye meli ya kwanza, awe na wa rika lake, ila nikiikumbuka ile kadi juu ya meza nasita. Nikimuuliza mwenyewe anajibu, "Yoyote tu, Mama."

Sisi ni Waislamu, binti anavaa ushungi, na sijui huko klabu wanalishwa nini. Jirani ananishauri nimwandike yule mkubwa kuwa ana 14 ili waingie pamoja. Nisaidie Anti.

Mama wa Njia Panda, Houston

*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mawazo.

Nikikusoma vizuri, meli imewaleta tu kwenye jambo mlilokuwa nalo tangu zamani. Una binti mpweke, na umepata wiki moja ya kumpa nafasi ya kupumua. Baba yake anaona wiki hiyohiyo ikiwa na milango asiyoweza kuilinda. Hofu zenu ni mbili na zote zina mashiko, ndiyo maana hakuna anayemshinda mwenzake.

La jirani tulimalize kwanza, maana halina safari ndefu. Pasipoti au hati nyingine ya kusafiria hukaguliwa kabla ya kupanda, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayoingia kwenye kadi ya meli. Umri kwa kawaida huhesabiwa siku ya kupanda. Oktoba ikishapita binti yako ni wa miaka 13 na dada yake ni wa 15, basi.

Migawanyo uliyoikuta ndiyo iliyozoeleka. Chukua kampuni za meli: Carnival wana ukumbi wa 12 hadi 14 unaoitwa Circle C na wa 15 hadi 17 unaoitwa Club O2. MSC nao hukata hapohapo. Norwegian huwaweka wote wa 13 hadi 17 pamoja kwenye Entourage, na Princess vilevile. Kila mpango una hesabu yake. Mtoto wa 13 na wa 17 wamepishana kama mwanafunzi wa darasa la saba na anayesubiri kwenda chuo, lakini meli yenye vijana wachache ikiwagawa sana kila ukumbi unabaki na watoto sita wakitazamana. Desemba shida hiyo ya uchache huwa ndogo, kwa sababu shule zimefungwa na vijana wamejaa.

Kuna jambo moja naona nyote wawili mmelichukulia kama linajulikana. Mnaiona klabu ya vijana kama madrasa: mtoto anaingia, yupo wa kumwangalia, muda ukiisha anatolewa. Kwa watoto wadogo ndivyo ilivyo. Mzazi husaini kumwingiza na kumtoa, na mtoto hatoki bila mtu. Kuanzia miaka 12 au 13 mlango unabadilika. Kijana anaingia na kutoka apendavyo, hakuna anayekupigia simu akiondoka. Wahudumu wanasimamia kinachotendeka ndani ya ukumbi. Akishavuka kizingiti yuko melini kama abiria mwingine yeyote. Kwa hiyo swali la nani anamlinda linahusu zaidi njia kati ya ukumbi na kabini yenu, na njia hiyo inafanana kwenye meli zote mbili.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mwanao, maana umeyaandika kwa mstari mmoja ukapita. "Hapakuwa na mahali pa kukaa." Mimi nayachukua kama yalivyo. Kumbi hizi mara nyingi huwa na makochi yaliyopangwa nusu duara, skrini za michezo ya video na nafasi ya kuchezea muziki. Usiku wa kwanza vijana wanaingia wote wakiwa wageni, na mhudumu anawachezesha michezo ya kujuana majina. Wanakaa ovyo, popote. Kufika usiku wa pili kila kochi lina wenyewe. Anayeingia saa tatu anakuta duara zimefungwa, na pengine ratiba saa hiyo imeandikwa tu kwamba ni muda wa kupiga soga, bila mchezo wowote. Hata mtoto mchangamfu angegeuza. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mwaka jana tatizo lilikuwa saa aliyofika, wala si haya yake. Inawezekana pia kwamba alikuwa na haya hasa. Yeye ndiye anayejua.

Meli ya kwanza ingempa watoto wa rika lake, na dada mkubwa hayupo wa kujificha nyuma yake. Hilo ni jema na ni gumu kwa wakati mmoja. Wawili wanaojuana wakiingia pamoja huwa wanakaa pamoja mpaka mwisho na kutoka bila rafiki mpya, nawe unalipia safari hii ili apate rafiki. Hatari yake ni kwamba usiku wa kwanza ukiharibika, hana wa kumshika mkono.

Meli ya pili ingewaweka pamoja. Ila mwambie baba watoto kwa upole kwamba vijana wakubwa wa 17 wako kwenye hiyo hiyo anayoipendekeza. Kwenye ile ya kwanza wana ukumbi wao. Halafu mfikirieni huyu wa miaka 15. Amemwambia nani kwamba anataka kuwa mlinzi? Atakuwa na likizo yake, na huenda akapata marafiki wa rika lake usiku wa kwanza tu. Akimbeba mdogo wake kwa wajibu, binti yako atalihisi hilo kabla hata hajaambiwa. Akimwacha, mtamlaumu kwa kazi ambayo ni yenu. Hata hivyo wapo madada wanaopenda kweli kutangulia na kumfungulia mwenzao mlango, kisha wakaachana kila mtu na kundi lake. Kama huyu ni wa namna hiyo, meli ya pili ina maana. Mpigieni yeye mwenyewe, msiishie kwa mama yake.

Njia ya tatu, ya kutokwenda klabu, nisingeitupa haraka. Meli ina chemsha bongo karibu kila siku, kuta za kupanda, uwanja wa mpira wa kikapu, maonyesho ya jukwaani usiku, na yote hayo ni ya familia nzima. Mtoto anaweza kufurahi nayo sana. Nionavyo mimi shida ni moja: mwaka jana alipoacha klabu aligeuka yaya wa mdogo wake. Mkichagua njia hii, mdogo wake mwenye miaka 6 aandikishwe kwenye klabu ya watoto, ili dada mtu naye awe na likizo.

Mkiamua kumjaribisha klabu, kwa meli yoyote ile, kazi kubwa iko siku ya kupanda. Chukueni nafasi ya mapema ya kuingia bandarini. Fomu ya klabu mara nyingi hujazwa mtandaoni kabla ya safari, na hapo ndipo mnaandika mzio na vyakula asivyokula. Mchana huo, kabla meli haijang'oa nanga, kumbi nyingi hufunguliwa kwa wazazi kutazama. Huo ndio wakati pekee ambao baba watoto anaweza kuingia ndani, na ningependa aende yeye. Aone makochi yako wapi na vyoo viko wapi, na amjue mhudumu kwa jina lililo kifuani. Amuulize usiku wa kwanza wanaanza saa ngapi, wahudumu huwa wangapi, na mtoto aliyekaa pembeni wanamfanyia nini. Jibu la hilo la mwisho lisikilizwe vizuri. Mhudumu anayejua kazi yake atakuambia hatua: namtafutia mwenzake wa kushirikiana naye, nampa kazi ya kuhesabu alama. Asiyejua atasema tu kwamba wote wanakuwa marafiki.

Kisha chakula cha jioni kiliwe mapema, hata kama ni bafe siku hiyo, ili binti awe mlangoni dakika kumi kabla ya kufunguliwa. Wa kwanza kuingia anachagua kochi, na wengine ndio wanaomfuata kukaa. Desemba Ghuba ya Meksiko hupigwa na upepo baridi wa kaskazini na meli huweza kuyumba tangu usiku wa kwanza, kwa hiyo zungumza na mfamasia mapema kuhusu dawa ya kichefuchefu, maana inafaa inywewe kabla ya kuyumba. Usiku ule ukipotea kwa kutapika, mmerudi pale pale pa mwaka jana.

Siku zinazofuata, kaeni naye asubuhi na ratiba, mchague pamoja yenye mchezo ulio na timu: msako wa vitu melini kwa makundi, mashindano ya michezo ya video yanayoandikisha majina, chemsha bongo, mchezo wa kukwepa mpira unaofanana na rede ya kwetu. Kwenye timu mtu hatafuti mahali pa kukaa, anapangiwa. Saa za kupiga soga aziruke mpaka atakapokuwa na watu wawili anaowajua. Na siku za bandarini klabu huwa na shughuli chache, kwa hiyo msitegemee Cozumel imletee marafiki. Siku za bahari tupu ndizo zenye kazi.

Kuhusu usiku. Carnival na Royal Caribbean wamekuwa wakitumia saa saba usiku kama mwisho wa watoto kuzagaa bila mtu mzima. Mnaweza kuweka saa yenu, ila mjue utamu wa klabu mara nyingi huanza saa nne. Ukimwita saa nne kila siku ataondoka wenzake wanapoanza kucheka. Familia nyingine huchagua usiku mmoja au miwili wa kukaa hadi saa sita, baba au mama akisubiri kwenye viti vya jirani na ukumbi na kurudi naye kabini, na siku nyingine saa nne. Huo ni mfano wa kuzungumzia, mtapima wenyewe.

Hofu ya baba watoto ningeihamisha kidogo mahali pake. Ukumbi una taa, wahudumu na wenzake. Kabini za watu ndizo zisizoonekana. Sheria moja naiona haina mjadala: haingii kabini ya mtu yeyote, awe rafiki, mwenye ndugu zake ndani au mfanyakazi, na hamfungulii mtu kabini yenu. Sheria ya Marekani ya 2010 inazitaka meli zinazopakia abiria huko ziwe na tundu la kuchungulia mlangoni au njia nyingine ya kumwona aliye nje, na vizuizi vya ukingoni vyenye kimo cha angalau inchi 42, yaani kama sentimita 107, na makosa makubwa yaripotiwe FBI, yaani wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Mfundishe kulitumia hilo tundu kabla ya kugusa kitasa. Mwonyeshe pia kituo chake cha dharura kilichoandikwa kwenye kadi. Akisikia honi fupi saba na moja ndefu aende huko moja kwa moja, asirudi kuwatafuta kabini. Watoto wadogo hupelekwa na wahudumu, kijana anatarajiwa kujua njia.

Simu isiwape matumaini makubwa. Ikae hali ya ndege, la sivyo gharama za mtandao wa baharini zitakutia uchungu. Programu ya meli kwa kawaida ina ujumbe wa ndani, ila ulizeni masharti ya umri, na ujue ujumbe huchelewa mahali ambapo mawimbi ya intaneti ni hafifu. Njia isiyoishiwa chaji ni hii: kuta za kabini nyingi ni za chuma, beba sumaku mbili na daftari dogo. Kila anayetoka anaandika aendako na saa ya kurudi, anabandika ndani ya mlango. Wazazi nao waandike. Mtoto akiona mnaandika kama yeye, haoni kuwa anachungwa. Na kadi yake ya meli, nenda kaunta ya huduma siku ya kwanza uifunge matumizi au uiwekee kikomo, kwa sababu mashine za michezo hula kadi hiyo bila kelele.

Chakula cha klabu mara nyingi ni piza, na vile vipande vyekundu vya nyama juu yake kwa kawaida vina nguruwe. Aombe ya jibini tupu. Mahitaji ya halali kwa milo ya mezani yaandikeni wiki nyingi kabla, mkumbushe tena usiku wa kwanza. Vazi la kuogelea la kufunika mwili halina shida kwa kawaida likiwa la kitambaa cha kuogelea. Ushungi nao aamue mwenyewe mapema atamjibu nini mtoto atakayemuuliza. Sentensi moja iliyo tayari inatosha.

Binti wa dada yako naye asafiri na barua ya ridhaa ya wazazi wake iliyothibitishwa kisheria, yenye ruhusa ya matibabu, na hati zake za kusafiria zikaguliwe sasa. Barua hiyo ikikosekana mnaweza kurudishwa pale Galveston.

Limebaki hilo la "yoyote tu, Mama." Usimuulize tena meli ipi. Mpe karatasi na kalamu, mwambie akuchoree ule ukumbi wa mwaka jana: mlango, makochi, nani alikaa wapi, mhudumu alikuwa wapi yeye alipoingia. Kisha muulize, kama angeupanga upya, angejiweka wapi, na dada yake angemweka wapi. Baba yake awepo. Mna mpaka mwisho wa mwezi, na jioni moja inatosha kwa mchoro huo.

Wako, Anti